Likizo ya Familia Katika Milima ya Udzungwa: Mipango Ianzie Nyumbani

(Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wanaojiandaa kwa likizo ya katikati ya mwaka)



Kila mwaka mwezi Juni unapokaribia, swali huwa lile lile katika nyumba nyingi za watumishi: likizo hii watoto watapelekwa wapi? Na jibu nalo huwa lile lile. Watapelekwa kwa bibi. Jibu hilo halina kosa hata kidogo, kwani mtoto asiyemjua bibi yake amepungukiwa na kitu ambacho shule haiwezi kumpa. Lakini kati ya nyumba ya mtumishi na nyumba ya bibi ipo nchi nzima, na nchi hiyo watoto huipita wakiwa wamelala, vichwa vimeegemea dirisha la basi, mpaka waamshwe kituoni na kuambiwa wamefika.

Mazungumzo haya yanahusu kipande kimoja tu cha nchi hiyo, nacho ni Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoko juu ya bonde la Mto Kilombero katika mikoa ya Morogoro na Iringa. Yanahusu pia namna ambavyo familia inayoishi kwa mshahara wa kawaida inaweza kuitembelea hifadhi hiyo bila ya kukopa, na bila ya baba na mama kununiana njia nzima.

Wako watakaosema mara moja kwamba hifadhi za taifa ni mambo ya wageni. Dhana hiyo haikuzuka hivi hivi. Serengeti ilipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1951 mwananchi hakuulizwa, na kwa miaka mingi baadaye picha ya hifadhi iliyokaa kichwani mwa mtu wa kawaida ilikuwa ile ya kalenda: gari lililofunguliwa juu, mzungu mwenye kamera, na simba. Mwananchi katika picha ile alikuwa dereva. Si ajabu basi kwamba mtumishi anayeweza kumudu harusi ya siku moja kwa mchango wa miezi sita huiona safari ya siku mbili hifadhini kuwa ni anasa isiyomhusu.

Hata hivyo, hesabu zenyewe zinasema vingine. Mwananchi hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko mgeni wa nje. Mtoto hulipa pungufu ya mtu mzima, na aliye chini ya miaka mitano halipi. Kinachomshinda mtumishi katika hifadhi nyingi si kiingilio bali ni gari. Serengeti au Ruaha bila gari imara ni sawa na kusimama nje ya ukumbi wa sinema. Lakini Udzungwa haina barabara ndani ya msitu wake. Waziri atatembea kwa miguu, na mwalimu wa shule ya msingi atatembea kwa miguu. Hapo ndipo mahali pale panapomfaa hasa mtu asiye na gari, naye angepaswa kuwa wa kwanza kupajua.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilometa za mraba 1,990. Milima yake ni sehemu ya safu ndefu ya milima mikongwe inayoanzia Taita, nchini Kenya, ikapita Upare, Usambara na Uluguru, hata ikaishia huku kusini. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hukutana na ukuta wa milima hiyo, ukapanda, ukapoa, ukaacha mvua. Ndiyo maana upande wa mashariki, unaotazama Kilombero, umevaa msitu tangu chini bondeni, kwenye mwinuko wa meta 250 hivi kutoka usawa wa bahari, hadi juu ya meta 2,000, pasipo msitu huo kukatika. Mahali penye msitu mmoja ulioungana namna hiyo kutoka joto la bondeni hadi baridi ya kileleni ni pachache mno katika Afrika Mashariki nzima.

Chukueni basi mfano wa mwalimu wa sekondari aliyeko Dar es Salaam, ambaye kwao ni Njombe. Mkewe ni muuguzi. Wana watoto watatu: wa miaka kumi na mitatu, wa tisa, na wa minne. Nyumbani anaishi pia dada yake mwalimu, shangazi wa watoto, mama wa makamo ambaye goti lake humsumbua. Mwaka huu mwalimu ana haki ya nauli ya likizo, ambayo mtumishi hupata mara moja kila miaka miwili, naye amekwisha amua kwamba watoto wataenda Njombe.

Njia ya Njombe hupita Morogoro, kisha Mikumi. Pale mji mdogo wa Mikumi ipo njia panda: lami kuu inaendelea Iringa, na nyingine inakata kushoto kwenda Kidatu na Ifakara. Ukiishika hiyo ya kushoto, baada ya kilometa zipatazo 65 unafika Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi. Kutoka Dar es Salaam hadi hapo ni kiasi cha kilometa 350. Kwa hiyo familia ya mwalimu haihitaji safari mpya. Inahitaji kuikata safari iliyokuwapo. Nauli ya serikali ni ya kwenda nyumbani na itabaki kuwa hivyo. Gharama ya kuchepuka kutoka Mikumi hadi Mang'ula na kurudi, malazi ya siku mbili na viingilio, hizo ni za familia yenyewe.

Na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Fedha za safari ndizo za kwanza kuliwa na dharura. Mwezi Machi binamu anaumwa, mwezi Aprili kuna msiba, mwezi Mei shule inadai mchango. Na kwa kuwa fedha ya matembezi haina mtu anayeidai mlangoni, huondoka kimya kimya. Baba husema tutakwenda mwakani. Miaka mitano hupita kwa namna hiyo, na mtoto wa miaka kumi na mitatu anakuwa mtu mzima aliyehama nyumbani. Hili si jambo dogo. Mzazi hupata likizo nyingi maishani mwake, lakini likizo ambazo mtoto yungali tayari kutembea na baba yake na kumwuliza maswali hazizidi chache.

Dawa yake ni ya kihasibu. Mume na mke wakiweka shilingi 30,000 kila mmoja tangu Januari hadi Mei, watakuwa na shilingi 300,000, na fedha hiyo ikae mahali ambapo kuitoa kuna usumbufu. Kisha ije bahasha ya pili, ya bibi wa Njombe. Bahasha hiyo ifungwe kabla ya safari kuanza na isiguswe hata kama watoto watalilia soda njia nzima. Mtumishi anayefika kwao mikono mitupu kwa kuwa alipitia milimani kutazama maporomoko ya maji, atakuwa amewapa ndugu zake sababu ya haki kabisa ya kuyachukia maporomoko hayo.

Mwezi nao una maneno yake. Mvua za masika hunyesha tangu Machi hadi Mei, na wakati huo njia za msituni huteleza vibaya na vijito hujaa. Juni hadi Oktoba ni kiangazi: njia zimekauka, joto la bondeni limepungua, na kwa bahati njema ndipo shule nyingi zinapofungwa. Likizo ya Desemba inawezekana pia, lakini mvua huweza kuikuta familia njiani. Mwenye hiari achague Juni au Julai.

Viko vitu vya kuulizia mapema, wala si vya kukisia. Ada hubadilishwa, na malipo hayapokelewi kwa noti mkononi. Hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, ambayo sasa kila mtumishi anaijua. Ni vema kupiga simu ofisi ya hifadhi juma moja kabla, kueleza idadi na umri wa watoto, na kuomba mwongozaji. Kadhalika reli ya TAZARA hupita Mang'ula, mahali ambapo palikuwa na mojawapo ya kambi kubwa wakati reli hiyo ilipojengwa kati ya 1970 na 1975. Kwenda kwa treni kungekuwa somo zuri la historia. Lakini ratiba ya abiria imekuwa ikiyumba, na familia yenye mtoto wa miaka minne isijitie katika kusubiri treni usiku wa manane pasipo hakika. Basi ndilo la kutegemea. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, ambayo kwa miaka mingi ilisifika kwa vumbi na tope, sasa imewekwa lami.

Safari yenyewe ina zawadi ambayo haikulipiwa. Kabla ya kufika Mikumi, barabara kuu hukata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilometa zipatazo 50. Swala huonekana karibu kila siku. Twiga, pundamilia, nyati na tembo huonekana mara kwa mara. Mzazi mwenye busara atawaamsha watoto baada ya Morogoro na kuwakalisha dirishani. Baada ya njia panda, mandhari hubadilika. Milima inapanda upande mmoja, na baada ya kuvuka Ruaha Mkuu pale Kidatu, miwa hutanda bondeni hata macho yachoke. Hapo hapo Kidatu ndipo kilipo kituo cha umeme wa maji kilichoanza kazi mwaka 1975, chenye uwezo wa megawati 204, na mitambo yake imefichwa chini ya ardhi. Mtoto wa kidato cha kwanza aliyezoea kusikia megawati kama neno la taarifa ya habari ataona zinatoka wapi.

Kufika Mang'ula jioni, familia ilale. Zipo nyumba za wageni za bei ya kawaida mjini, na hifadhi ina maeneo ya kambi. Vyandarua ni lazima. Bonde la Kilombero lina mbu na malaria yake si ya kutania. Mtoto awe na viatu vinavyofunga, si kandambili, na suruali ndefu, kwa sababu siafu wa msituni hawajali kwamba huyu ni mgeni. Maji ya kunywa yabebwe katika chupa za kujazwa tena. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na hata kama isingepigwa marufuku, msitu usingekuwa mahali pake.

Suala la nani apande wapi ndilo linalohitaji mashauriano zaidi kuliko yote, nalo huwa halishauriwi kabisa. Maporomoko ya Sanje ndiyo yanayovuta watu wengi. Maji yake huanguka jumla ya meta zipatazo 170, kwa hatua tatu, na yakitazamwa kutoka barabarani huonekana kama uzi mweupe uliotundikwa msituni. Njia yake huanzia kituo cha Sanje, kilometa chache kaskazini ya Mang'ula, na kwenda na kurudi huchukua kama saa nne. Ni mwinuko wa kweli. Mwalimu na watoto wawili wakubwa wataumudu wakianza saa moja asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Mtoto wa miaka minne hataumudu. Atabebwa, na anayembeba atachoka, na aliyechoka ndiye anayeteleza. Kwenye mabwawa ya maporomoko mawe yana utelezi, na mzazi asiwaachie watoto wamfuate mwongozaji peke yao kwa sababu tu mwongozaji amevaa sare.

Sasa mke na wifi yake wafanye nini na mtoto mdogo? Wako akina baba wengi ambao mipango yao huishia hapa: wao wanapanda, mama anabaki kulinda mabegi. Kisha hushangaa kwa nini mwaka unaofuata mama hataki kusikia habari za milima. Karibu na makao makuu ipo njia fupi, ya kama kilometa moja, inayofika kwenye maporomoko madogo yenye jina la Prince Bernhard wa Uholanzi, aliyekuwa rais wa kwanza wa shirika la kimataifa la uhifadhi la WWF. Njia hiyo mtoto wa miaka minne huitembea mwenyewe, na goti la shangazi huivumilia kwa fimbo. Haki ni kwamba siku ya pili mwalimu abaki na mdogo, na muuguzi naye apande Sanje akitaka.

Shangazi bila shaka atakuwa na la kusema tangu mwanzo.

"Mnileteni huku kote nije nitazame miti?" atauliza. "Kwani kwetu Njombe miti haipo?"

"Ipo, wifi," mama watoto atajibu. "Lakini ile ni mipaini na miwati, ilipandwa na watu. Hii hakuna aliyeipanda."

Jibu hilo lina elimu kubwa kuliko linavyosikika. Msitu wa asili wa namna hii una viumbe ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Yuko mbega mwekundu wa milima hii, ambaye huonekana mara nyingi karibu na makao makuu, akiwa katika kundi, na huhitaji utulivu tu wa mtazamaji. Yuko pia nyani mdogo wa kijivu aliyepewa jina la Sanje. Habari zake yafaa kila mwalimu azijue. Watafiti walimtambua kwa mara ya kwanza mwaka 1979, baada ya kusikia mlio wasioujua, na vitabu husema kwamba mwaka huo ndipo alipogunduliwa. Lakini wenyeji wa Sanje walikuwa wakimjua siku zote na walikuwa na jina lao la kumwita. Walipoulizwa, walijibu. Mtoto anayesoma sayansi kwa kukariri majina ya Kilatini angefaidika akisimama pale kijijini na kuelezwa kwamba ugunduzi ule ulianza kwa swali lililoulizwa kwa mtu aliyejua.

Na lipo jambo ambalo mgeni wa siku mbili huweza kulipita bila ya kuliona. Msitu unaishia ghafla, na hatua chache tu kutoka mpaka wake zinaanza nyumba, mashamba ya mpunga na migomba. Hadi mwaka 2011 wananchi wa vijiji hivyo, wengi wao akina mama, waliruhusiwa kuingia hifadhini kwa siku maalum kuokota kuni kavu. Mwaka huo ruhusa ikafungwa. Sababu zilizotolewa ni za uhifadhi, na msitu wenye viumbe wa aina hiyo unastahili kulindwa. Lakini chungu cha jioni hakikuacha kuhitaji moto. Wako waliopanda miti yao, wako wanaonunua kuni, na wako wanaotembea mbali zaidi. Familia inayolala Mang'ula kwa raha na kusema msitu umetunzwa vizuri, ijue nani anachangia utunzaji huo kila siku anapopika. Kwa hiyo familia itakayopiga kambi ije na jiko la gesi, isiulizie kuni. Mchele, ndizi na mboga vinunuliwe pale pale sokoni kwa akina mama wenyewe, wala visibebwe kutoka Dar es Salaam kwa kuogopa bei. Na mwongozaji akiwa mtoto wa kijiji cha jirani, aulizwe habari za kwao pia, si majina ya ndege tu.

Mtoto mkubwa apewe daftari na kazi moja isiyo ya mtihani: kufuata maji. Kijito kinachoanguka Sanje hushuka bondeni na kuingia katika mtandao wa Mto Kilombero. Kilombero hukutana na Luwegu na kuwa Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji huletwa na Kilombero, na ni maji ya Rufiji yanayoendesha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo lilianza kuingiza umeme katika gridi mwaka 2024. Mwanafunzi huyo akirudi Dar es Salaam na kuwasha taa ili afanye mazoezi ya hesabu, atakuwa na la kuandika katika ukurasa wa mwisho wa daftari lake. Baba yake asimwandikie.

Siku ya tatu ni ya kuondoka. Mabasi yatokayo Ifakara hupita Mang'ula yakiwa yamekwisha jaa, hivyo tiketi za kurudi Mikumi zinunuliwe siku iliyotangulia, na pale Mikumi familia iunganishe na basi la Njombe. Mwenye kukata tiketi aombe viti vya mbele mapema, ili shangazi apate mahali pa kunyoosha goti lake, na bahasha ya bibi iwe mfukoni mwa mama watoto, ambaye hasinzii safarini.